Kiti cha Abiria

Fundi alichomoa maiki ya simu kwenye dashibodi ya gari, akaipuliza vumbi lote la Tarime.

"Inapigwa na upepo wa kiyoyozi, mama. Ndiyo maana inavuma."

Kila nilipompigia mume wangu, Kisyeri, akiwa ndani ya gari hili, kumuuliza ng'ombe wa mahari ya binti yetu kawapeleka wapi, alijibu, "Maiki mbovu," akakata. Ndani ya mvumo ule nilisikia mwanamke akicheka.

Kesho anaendesha kwenda Mugumu. Baba yake mzazi atampigia, simu ikiwa kwenye spika, wazee wote wa ukoo wakiwa wamekaa.

"Naihamishia juu, imwelekee dereva," fundi alisema.

"Hapana. Ielekeze kiti cha abiria."

"Lakini anayeongea ni dereva, mama."

"Huyo tumemsikia vya kutosha."