Wimbo Mmoja, Milango Miwili

Hadley alibakiwa na sauti ya wimbo mmoja tu, na vyuo viwili vya tamthilia za nyimbo vikamwita kwa mpigo mmoja.

Kwa siku mbili, katika hoteli moja ya Chicago ambako vyuo vilikuja kuchagua wanafunzi, alikuwa ameimbia vyuo tisa, chumba hadi chumba. Koo lilikuwa na ladha ya asali na damu.

"Mlango wa kulia, mwanangu! Chuo hicho kinachukua wengi," mama yake alimsihi. "Wa kushoto wanachukua wanane tu, nchi nzima!"

Hadley akausukuma wa kushoto.

"Wimbo huu leo tumeusikia mara arobaini, binti," mwalimu wa chuo hicho akasema akitazama jina la wimbo kwenye karatasi. "Huna mwingine?"

Hadley akafungua kinywa ajaribu mwingine. Ikatoka hewa tupu, kama mpira uliotoboka.

"Basi nitausema huohuo, bila kuuimba," akasema kwa sauti ya kukwaruza, na mpiga piano aliyekuwa pembeni akaondoa mikono kwenye piano ili maneno yasikike.