Jina Kwenye Karata ya Jua

Japheth, mlinzi wa hoteli, alibakiza kutuma karata moja tu. Nyingine zote za tarot, karata za kutazamia bahati, alikuwa amekwisha kuzichora na kumtumia mama Mkenya wa huko Uingereza, aliyeandika maelezo ya kila karata. Chache zilizoonyeshwa mtandaoni zilikuwa zimeshaanza kuigwa na wachoraji wengine.

Hii ya mwisho ilikuwa Jua. Chini ya jua alimchora mjenzi wa Lusail, mji wa jangwani, kitambaa kimemfunika uso, chumvi ya jasho imekauka kifuani.

Ndipo picha ya kasha la karata hizo ikaingia kwenye simu. Jina la mama liling'aa kwa dhahabu. Lake halikuwapo.

Akampigia. "Mama, jina langu liko wapi?"

"Kijana wangu, mawazo ni yangu. Wewe ulichora tu."

Akakata simu.

"Tuma, buda, wacha kiburi," akasema mpishi aliyeishi naye chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura. "Kwani mchoraji ni nani?"

"Ni yule aliyekuchora Mfalme kwenye karata, na hiyo pua yako."

Mpishi akaishika pua, akacheka.

Japheth akachukua kalamu ya tableti. Hakuandika pembeni. Aliufuata mstari wa chumvi, herufi baada ya herufi, mpaka jina lake likakaa juu ya shati la mjenzi, bega hadi bega.

"Na mama akilifuta?" mpishi akauliza.

"Itabidi amfute na mjenzi," Japheth akasema, akabonyeza kutuma. "Abaki na jua lisilo na mtu wa kumchoma."