Mzigo Usioshuka

Unywele mmoja ulilala chini ya darubini, mweupe kama wa mtu aliyekula chumvi nyingi. Mwenyewe alikuwa na miaka minne.

"Mtaani wanamwita Babu," mama yake alisema. "Watoto wenzake wanampa shikamoo, halafu wanakimbia wakicheka." Akajaribu kucheka na yeye. Kicheko kikamkatalia.

Msichana wa maabara, ambaye hospitali nzima ilimwita Dada Darubini, alimsogezea kiti. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kazini na hakuwa amejifunza kumjibu mtu nusunusu.

"Chungulia mwenyewe, mama. Unaona madonge haya meusi? Hiyo ndiyo rangi yake. Ipo, ila haikusambaa."

"Imezuiwa na nini?"

"Ndani ya seli mna nyuzi nyembamba, kama reli. Rangi hufungwa kwenye vifuko, vifuko husafiri juu ya nyuzi hizo mpaka ukingoni, na hapo hukabidhiwa nje. Kwa mwanao, makabidhiano hayafanyiki. Seli zake za ulinzi nazo ni hivyohivyo. Zina sumu ya kuulia maradhi, zinaifikisha mlangoni, lakini mzigo haushuki. Ndiyo maana homa hazimwachi."

Mama aliinua jicho kutoka kwenye darubini. "Kumbe nywele na homa ni kitu kimoja?"

"Kimoja. Nywele ndizo zilizotuamsha."

Mama akaishusha mikono yake chini ya meza, lakini Darubini alikwisha kuiona. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi mpaka ndani ya kucha. Muuza mkaa, alijisemea, na huruma ikamzidi.

Daktari alikwisha kusema homa nyingine mbili tatu na mtoto hatazimudu. Tiba ilikuwa moja tu: uboho wa mifupa, unaozalisha seli za damu, kutoka kwa mtu mwenye afya anayelingana naye. Na mtu huyo alikuwa hapohapo, mapajani mwa mama, akinyonya kidole: mdogo wake wa kike wa miaka miwili, mabutu mawili ya nywele meusi tii yaking'aa kwa mafuta. Vipimo vya kulingana vilikwisha kukubali. Kilibaki kimoja, cha kuhakikisha kwamba seli za mtoto huyu zinashusha mzigo.

"Huyu hajawahi kuugua?" Darubini aliuliza.

"Mafua tu," mama alijibu haraka. "Mafua ya kitoto."

Kesho yake Darubini alizipaka seli za mdogo rangi ya kijani ing'aayo, akaziweka pamoja na seli gonjwa za majaribio, adui wa kuuawa, akakodoa macho. Vifuko vilikimbia juu ya nyuzi kama watu waliochelewa kazini. Vikakusanyika ukingoni, mbele ya adui. Akangoja. Saa nzima ikapita. Hakuna kilichoshuka, na adui akabaki mzima, hana hata mkwaruzo.

Alirudia. Ikawa vilevile.

Mkuu wa maabara aliinama kwenye darubini, akaguna. "Binti, hii ni damu ya kaka."

"Ni ya mdogo, bosi. Niliandika mwenyewe."

"Umechanganya mirija. Usilie, hata mimi nilichanganya ya mkwe wangu na ya mlinzi wa geti. Nenda kachukue nyingine."

Darubini hakuwahi kufurahia kukosea namna ile. Kuchanganya mirija ni aibu, lakini aibu haiui. Alipanda ngazi za wodini mbilimbili.

Kaka alikuwa amelala, midomo imemkauka, na kichwa chake cheupe kilipotea kabisa kwenye mto. Mama alikuwa dirishani na mdogo mgongoni.

"Samahani sana, mama. Kipimo kimeharibika. Nahitaji damu ya huyu tena."

"Kimeharibika?" Mama aligeuka. "Ni wewe uliyekosea, dada?"

"Ni mimi."

"Una hakika?"

"Nilichanganya mirija. Kosa langu."

Mama alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yakamtiririka. "Mungu akubariki, mwanangu. Mungu akubariki kwa kukosea."

Darubini aliona haya kwa shukrani asizostahili. Alimpakata mtoto, akalowesha pamba kwa spiriti, akautafuta mshipa. Mtoto aliiona sindano, akapiga ukelele, akajikunja na kukifukia kichwa chake kwenye kiganja chenye pamba.

"Basi, basi, mrembo," Darubini alimbembeleza, akimpapasa kwa kiganja kilekile, kutoka kwenye paji la uso mpaka utosini. "Tunamaliza sasa hivi."

"Usimfute!" mama alipiga kelele.

Pamba ilikuwa imekwisha kugeuka nyeusi. Na pale ilipopita, nywele za mtoto ziling'aa kama fedha.