Nakala Safi

Mke aliinua vidole juu ya kompyuta, akauliza kwa mara ya tatu, "Baba watoto, hapa shujaa amekufa tena?"

"Chapa tu, mama. Hayo ni mambo ya sanaa."

Mume alikuwa amemletea kurasa nyingine kumi na mbili za mwandiko wa mkono, akazibwaga juu ya mafaili ya wakili. Mkewe alikuwa mpiga chapa katika ofisi hiyo, na kila mara wakili alipokwenda mahakamani, mke aliweka kando viapo na hati za viwanja vya watu, akashika kazi ya mumewe. Mume na kompyuta walikuwa hawapatani. Halafu aliamini kwamba mwandishi wa kweli hasomi tena alichokwisha kukiandika, maana akikisoma kinapoa.

Shindano lilikuwa la kituo cha televisheni: muswada wa tamthilia, mshindi mmoja, na ajira ya uandishi hapohapo kituoni. Mume aliona mambo yamekwisha. Siku aliposikia tangazo alikwenda moja kwa moja ofisi ya maji, alikosoma mita miaka kumi na mmoja, akamkabidhi bosi barua ya kuacha kazi. Hapo alikuwa hajaandika hata neno moja.

"Na usiposhinda?" mkewe alimuuliza.

"Wewe huna jicho la sanaa. Wala sikulaumu."

Shujaa wake alikuwa msoma mita mwenye kipaji ambacho dunia ilikuwa haijakitambua. Mrefu, mtanashati. Wanawake wanne walimgombea, naye alimhutubia kila mmoja kurasa tatu. Mke alichapa. Mara aling'ata midomo, mara mabega yakamtikisika, na mume, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kiti cha wateja, alifurahi kuona maneno yake yanavyoliza watu.

"Naweza kurekebisha kidogo?" mke aliuliza. "Koma na nukta tu."

"Koma na nukta, haya. Roho yake usiiguse."

Kazi ilipokwisha, mke alimsogezea nakala safi kabla ya kuitia kwenye bahasha. "Ipitie basi, mume wangu. Nakuomba. Japo ukurasa wa kwanza."

Alitia saini juu ya jalada bila kulifunua.

Miezi miwili alikaa nyumbani akiwaeleza majirani namna ya kujibu maswali ya waandishi wa habari. Shemeji zake walimwita Mheshimiwa Mwandishi, tena usoni. Akiwapa kisogo walikuwa na jina lingine. Ukweli ni kwamba aliogopa mno. Nafasi yake ofisi ya maji ilikuwa imeshapata mtu, na mshahara wa mkewe peke yake haukuwatosha.

Ndipo simu ikaita. Ameshinda.

Studioni taa zilimchoma macho. Mkewe alikaa safu ya mbele, mkoba magotini. Jaji mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa ameukumbatia muswada.

"Ndugu zangu, tumesoma miswada mia sita. Karibu yote ina kijana mtanashati anayehutubia wanawake. Huu ndio pekee uliotuvunja mbavu. Mwandishi, hebu tuambie, ulimpata wapi huyu mpiga chapa, anayepewa na mumewe hadithi mbovu aichape, akaitupa yote na kuandika ya kwake?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mume naye alicheka, akichelewa kidogo. Kisha akamtazama mkewe. Alikuwa amekaa wima, anamwangalia bila kupepesa.

"Swali la mwisho," jaji alisema, akiinua tuzo. "Hili tulibishana sana. Mume anapogundua, mbele ya watu wote, kwa nini umeandika kwamba hasemi neno, anatabasamu tu na kuipokea tuzo?"

Mume alitabasamu, akanyoosha mikono.