Uzi wa Kitovu

Saumu alipojifungua kwa upasuaji, aliambiwa achague jeraha lifungwe kwa pini, gundi, au uzi unaooteshwa papo hapo kutokana na kitovu cha mtoto. Akachagua uzi, maana hauachi kovu.

“Sasa tutazika nini?” mama yake aliuliza akimkanda miguu kwa maji ya moto. “Mtu kwao ni pale kitovu chake kilipozikwa.”

“Basi kwao ni hapa, mama,” Saumu alijibu, akijigusa chini ya tumbo.

Siku ya arubaini, mama alipomtoa mjukuu uani aote jua, mshono ulimvuta Saumu taratibu, kama mtu anayeshikwa nguo. Akawafuata hadi mlangoni. Akarudi nyuma kidogo, mtoto akalia. Akasogea mbele, mtoto akanyamaza. Akajaribu tena, kwa udadisi tu.

Mama yake alikuwa akimtazama.

“Na huyu akija kuolewa mbali?”