Kigae Kilichogeuka

IMENAKILIWA.

Maandishi mekundu yalijaa kwenye kishikwambi cha Lalla Zhor, na walimu wote wakageuka kumtazama.

Uso ulimwaka kwa aibu. Miaka thelathini na moja alikuwa amewafundisha watoto wa Fes kuchora kwa penseli na bikari. Leo, siku ya mwisho ya mafunzo, alitakiwa kuchora nyota ya vigae kwenye kioo cha kishikwambi. Atakayeshindwa atanyang'anywa somo la sanaa na kupelekwa kutunza stoo ya vitabu, na yeye stoo aliiogopa kuliko kaburi.

Mkufunzi Ghali, kijana wa kutoka Rabat, alizionyesha nyota mbili ukutani kwa projekta: ya Lalla Zhor na ile iliyohifadhiwa kwenye mashine. Zilifanana kama shilingi kwa ya pili.

"Mama, hiyo nyota ya mtihani tuliifungia. Umeipataje?"

"Sijaipata popote, mwanangu. Nimechora kama mkono ulivyozoea."

"Na hiki kigae cha buluu kilichogeuka? Mashine imekuuliza mara tatu ikunyooshee, ukakataa."

"Huwa sikinyooshi."

"Lalla kanakili mpaka kosa!" mtu akadakia kutoka nyuma. "Za mwizi arobaini, bibie!"

Wakaangua kicheko. Lalla Zhor akakunja mikono mapajani. Wenzake aliokula nao mkate na zeituni wiki nzima, leo hata mmoja hakumtetea.

Ghali alikuwa na haraka ya kujaza fomu, lakini hakutaka kusemwa kuwa kamwonea mtu mzima. "Twende basi. Picha ya hiyo nyota niliipiga mwenyewe, hapo tu nyuma ya soko la watengeneza ngozi."

Walimu wakawafuata, wengine kwa umbea tu. Uchochoro ule Lalla Zhor hakuwa ameukanyaga tangu yeye na wazazi wake walipohama mtaa huo, akiwa mtoto. Mwisho wake palikuwa na bomba la maji la mtaa, na juu yake, ukutani, nyota.

"Ndiyo hii," alisema Ghali. "Haya, mama, sema kweli. Ulikuja kuinakili lini?"

Lalla Zhor aliweka kidole kwenye kigae cha buluu.

"Hiki nilikibandika mimi, nina miaka saba, baba yangu alipokuwa akiijenga nyota hii. Baba alitaka kukinyoosha, halafu akasema: kiache, binti yangu, ukamilifu ni wa Mungu peke yake."