Nusu Kidole

Kibao cha tatu nacho kilikuwa kifupi. Fundi alikichomeka kwenye fremu, kikacheza kama jino la mtoto. Alikichomoa, akakitupa juu ya lundo lililokuwa likikua pembeni mwa banda. Kilipungua nusu kidole, kama vya jana, kama vya juzi.

Kwa miaka arobaini utaratibu wake ulikuwa mmoja: vibao hukatwa asubuhi, fundi hujilaza baada ya chakula, kazi huunganishwa alasiri. Utaratibu huo haukuwahi kumtupa mkono. Sasa vilango vya madirisha, kazi ya mwanagenzi, vilikuwa vimemshinda wiki ya tatu, uani kwake mwenyewe.

Vilango hivyo vilikuwa vya mama mkwe. Wezi walipita dirishani katika nyumba aliyoishi peke yake tangu afiwe, naye akahamia kwa bintiye mpaka madirisha yapate mbao za kuyafunga kwa nje. Sanduku lake lilikaa karibu na mlango, limefungwa, na kila jioni aliuliza:

"Bado tu, mkwe?"

"Bado, mama. Macho yananiangusha."

"Pole, baba. Usijitese."

Mkewe hakuwa na pole ya kugawa. "Baba watoto, mama ataota mizizi hapa akingoja vibao vyako. Ungekuwa fundi cherehani, mtaa mzima ungetembea magoti wazi."

Fundi hakucheka. Alikwisha kuamua: akikosea tena, atamwita seremala wa mtaa wa pili aje achukue randa, misumeno na meza ya kazi. Mtu asiyeweza kupima hana haki ya kumiliki vyombo.

Siku iliyofuata alipima kila kibao mara nne, akakata, akapima tena. Alikula bila hamu, akaenda kujilaza. Usingizi haukuja, alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa hata kulala. Aliinuka, akavuka ua bila viatu, akausukuma mlango wa banda.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti juu ya kibao, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko, msumeno ukienda na kurudi taratibu.

"Mkwe," alisema bila kuinua kichwa, "nishikie huku mwisho. Leo mkono umechoka."

Fundi akapiga goti, akashika.